Anzia Katikati

Wewe unayesoma hii, nakuchukua kama rafiki wa kukaa naye jikoni, yule mtu naweza kumwekea chai huku nikisonga ugali na hakuna kujifanya. Kwa hivyo sitazunguka sana. Hii ni hadithi ya aibu, na nimeishi nayo miaka mingi kuliko ile nimeishi na mzee wangu wa nyumba.

Wiki jana niliitwa shuleni kwa msichana wangu wa mwisho. Nikakaa kwa kile kiti kidogo cha watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mwalimu wake akamaliza kufuta ubao, vumbi la chaki likanijia puani, na kabla hajafungua mdomo nikajua tu atasema nini.

"Mama, huyu mtoto anasoma vizuri sana," akasema. "Shida ni moja. Haangalii kitabu."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Shingo yangu ilishika moto venye ilikuwa inashika nikiwa darasa la saba, na nikajipata naangalia sakafu natafuta viatu vya Shosho, vile vyeusi vya kamba, kama bado ako hapo kando yangu.

Shosho, nyanya yangu aliyemzaa Mum, alikuwa mwalimu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumwingia kichwani. Tulikuwa tunaishi Kangemi, yeye na mimi na Mum, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Mum alikuwa na kibanda cha nguo za watoto huko Ngara. Alitoka alfajiri, akarudi amechoka, akala, akalala. Kwa hivyo mtu wangu alikuwa Shosho. Hata jina lake ndilo nilipewa, Nyambura, na kwetu ukipewa jina la mtu unakuwa yeye. Mum mwenyewe aliniita maitu, yaani mama yangu, hata akiwa ananigombeza. Na kwa sababu Shosho aliitwa Mwalimu na kila mtu kuanzia kwa muuza makaa mpaka kwa pasta, mimi niliitwa Mwalimu Mdogo kabla sijaota meno. Watu walinisalimia hivyo njiani. "Mwalimu Mdogo, sasa?" Na mimi naitikia, poa.

Mwalimu Mdogo hakujua kusoma.

Sijui nikuelezee vipi. Herufi moja moja nilizijua. Lakini zikishikana pamoja zilikuwa kama watu wamesimama kwa geti, siwezi kupita. Darasa letu lilikuwa limejaa, watatu kwa dawati, na mwalimu akisema tusome pamoja, nilifungua mdomo na wengine. Kichwa changu kilikuwa na dawa yake. Kitu nikisikia mara mbili, hakitoki. Hivyo ndivyo nilifika darasa la saba.

Shosho ndiye aliyenijaza kichwa bila kujua. Kila jioni baada ya chakula alichukua Neno, yaani Biblia yake, akafungua kwa mapaja, akanisomea. Sauti yake ilikuwa ya darasani, kila neno limepigwa pasi. Kanisa letu lilikuwa Muthangari, tunatembea tukipitia kwa zile nyumba kubwa zenye ua wa miiba ya kaiyaba, mkono wa Shosho umekaa begani kwangu njia yote. Nilijivunia huo mkono. Nilidhani ananionyesha watu. Na ikifika Jumapili ya watoto, mimi ndiye nilikuwa nasimama mbele kusoma somo. Nashika Neno wazi, napeleka macho kushoto na kulia kama nilivyoona watu wakipeleka, natoa yale Shosho alinisomea wiki yote. Wamama wanatikisa kichwa. "Damu ya ualimu hiyo."

Lakini sifa kubwa ilikuwa ya Shosho mwenyewe. Ulikuwa ule mwaka wa kiangazi, stima inakatwa kwa zamu, leo upande huu, kesho upande ule. Jioni moja ushirika wa kina mama ulikuwa kwetu, na Shosho anasoma. Stima ikapotea. Giza kabisa. Mtu akaanza kutafuta kiberiti, na Shosho hakusimama hata kidogo. Aliendelea, hakuruka neno, mpaka mshumaa ukawashwa na akapatikana yuko mwisho wa ukurasa. Wamama wakasema haleluya. Jumapili iliyofuata mmoja wao akatoa ushuhuda kanisani. Mwalimu, na umri wake, anasoma bila miwani, anasoma hata bila stima. Pasta akasema asimame aonekane. Watu wakapiga makofi, na wakamshukuru Mungu kwa macho yake.

Mimi niliamini kuliko wote. Nilijua macho ya Shosho yana stima yao ndani.

Halafu ikaja Jumapili ya mavuno. Unajua venye inakuwa. Watu wameleta mahindi, ndizi, malenge, mtu ameleta kuku amefungwa miguu akawekwa hapo chini ya mimbari. Sakafu ilikuwa imepakwa polishi nyekundu, bado inanuka. Niliitwa kusoma. Nikasimama na somo langu la mavuno tayari kwa ulimi. Nikafungua kitabu, na pasta akainua mkono.

"Leo tubadilishe kidogo," akasema. "Mwalimu Mdogo, hilo somo tumelisikia kila mwaka. Fungua ukurasa unaofuata, utusomee pale juu."

Nikageuza ukurasa. Watu wakageuza ya kwao, nikasikia karatasi kanisa nzima. Niliangalia zile herufi na hakuna hata moja iliniangalia. Yule kuku ndiye alikuwa ananiangalia. Sasa mdomo wangu, wenyewe tu, ukaanza lile somo la kila mwaka. Niliposema mstari wa kwanza, watu walidhani nimekosea ukurasa. Niliposema wa pili, mtu akacheka huko kwa vijana. Wa tatu nikauanza na sauti ikakauka.

Pasta alikuwa mtu mpole. Hakutaka kuniumiza. Akasema, "Mwalimu, hebu njoo umsaidie mjukuu wako."

Nikaangalia Shosho. Alikuwa kwa kiti chake cha kila siku, mstari wa tatu, mikono kwa mapaja, Neno limefunguliwa. Watu wakageuza shingo kumtafuta. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya darasani, "Hapana, pasta. Mwache akae chini."

Nilirudi nikitembea juu ya hiyo polishi na nikajua kitu kimoja. Shosho amenikataa mbele ya watu. Mwenye jina langu ameona aibu yangu na hataki iguse nguo yake.

Tukashika njia ya nyumbani. Mkono wake ulikuwa begani kama kawaida, na mimi nilitaka kuutoa nikaogopa. Nyumbani aliweka maji ya chai, akangoja yachemke, ndiyo akauliza.

"Tangu lini?"

"Tangu nursery."

"Na hii nyumba ni ya mwalimu," akasema. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. "Kuanzia Jumapili ijayo utakaa ngumbaru."

Ngumbaru ni darasa la watu wazima ambao hawakupata shule. Shosho alikuwa analo, Jumapili saa nane, kwa kile chumba cha nyuma cha kanisa. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wa kazi na masoja, wale walinzi wa geti za zile nyumba kubwa, siku yao ya kupumzika. Na huko ndiko mimi, msichana wa darasa la saba, nilipelekwa na sare yangu ya shule. Habari ilifika shuleni kabla yangu. "Ngumbaru, umebeba kitambulisho?" waliniuliza kwa geti. "Ngumbaru, wajukuu wako hawajambo?" Nilikuwa najificha chooni mpaka kengele ilie.

Darasani wakubwa walinipokea vizuri kuliko nilivyotaka. Kulikuwa na Mzee Wekesa, soja wa geti moja karibu na kanisa, mrefu, anakuja na rungu lake analilaza chini ya benchi.

"Mwalimu Mdogo ameshuka cheo?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Wacha mtoto wa watu," akasema Auntie Robai, aliyelea watoto wa nyumba fulani hapo Lavington. "Kaa hapa kando yangu, mama. Huyu soja miaka yote hii ako kwa herufi ya R. Anailinda isiibiwe."

"R ni ngumu," Mzee Wekesa akasema. "Ina mguu."

Shosho alifundisha kwa nyimbo na masomo ya kanisa, vitu wanavyojua tayari. Na kwa sababu wanavijua, walikuwa wanamdanganya venye mimi nilidanganya, wanaimba tu badala ya kusoma. Dawa yake ilikuwa maneno mawili. Mtu akianza kutiririka, Shosho anainua kidole. "Anzia katikati." Hapo ndipo mtu anakwama, anarudi kwa herufi kama mtoto. Mimi nilikwama kuliko wote. Anzia katikati, Nyambura. Nilichukia hayo maneno. Nilidhani anayasema ndio watu wasisahau ile Jumapili.

Kulikuwa na vitu vingine huko niliviona na sikuvijua maana. Auntie Robai alikimbia kufuta ubao kila mara kabla Shosho aguse chaki, na siku ile alichelewa, Shosho aliandika juu ya maandishi ya zamani, mstari juu ya mstari, na hakuna aliyesema kitu. Na hao watu waliandika makubwa. Herufi moja kama sahani. Nilidhani ngumbaru wote huandika hivyo, ni vidole vya kazi ngumu.

Jioni moja stima imekatwa, niko na kitabu changu cha shule kwa meza, mshumaa kati yetu. Nilikuwa nimeanza kushika kidogo. Neno moja likanishinda.

"Shosho, hii ni nini?"

"Taja herufi zake."

"Nimezitaja nimechoka. Si uangalie tu." Nikamsukumia kitabu. Alikishika, akakipeleka kwa mshumaa, akakigeuza kidogo. "Anzia hapa," nikamwambia.

Kidole chake kilitembea kwa ukurasa polepole, kikasimama. Kilikuwa juu ya picha ya ng'ombe.

"Hapa ni wapi?" akaniuliza.

Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa yananiangalia, lakini kwa sikio langu, kidogo tu pembeni ya uso. Na wewe fikiria, nilikuwa nimekaa mbele ya hayo macho maisha yangu yote.

Akafunga kitabu. "Ilianza pembeni," akasema. "Kama mtu anavuta pazia. Nikasema ni uzee, itaacha. Ile siku ya ushirika, stima ilipotea na mimi sikujua imepotea. Nilisikia tu watu wakisema haleluya."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Nyambura? Wamesimama kanisa nzima wamemshukuru Mungu kwa macho ambayo sina. Niwarudie niseme mrudishe hizo shukrani?"

 Nikatoa kile nilikuwa nimebeba tangu mavuno. "Pasta alikuita uje unisaidie. Ukakataa."

"Ningekuja huko mbele nifanye nini?" akasema. "Nilikuwa naskia vile unahangaika. Kama ungeulizwa lile somo letu ningekurushia maneno kutoka kwa kiti. Lakini ukurasa ule mwingine siujui kwa kichwa. Tungeaibika wawili."

Nilitaka kumwambia Mum. Akanishika mkono. "Mama yako atanipeleka shags, huko kijijini, siku hiyo hiyo. Na hawa watu wangu wa ngumbaru, nitawaachia nani?"

Basi tukafunga hiyo siri mimi na yeye. Nikawa macho. Darasani nilisimama kando ya ubao na fimbo, nasoma kila kilichoandikwa, na wakubwa wakidhani, au ndivyo niliamini, kwamba ni mimi nafundishwa. Kumbe mimi namwambia Mwalimu ni nini kiko ubaoni. Nilijifunza kusoma hivyo, si kwa akili, kwa hofu. Nikikosea herufi moja, Shosho anaaibika. Hakuna shule inaweza kukufunza haraka kama hiyo.

Siku moja Mzee Wekesa aliitwa kuandika jina lake. Aliandika W moja ikajaza nusu ya ubao. Nikacheka. "Mzee, punguza, ubao utaisha."

Akaniinamia, akasema chini chini, "Siandikii wewe, Mwalimu Mdogo."

Niligeuka. Auntie Robai alikuwa anaangalia mikono yake. Wote walikuwa wanaangalia mikono yao. Walijua. Walijua kabla yangu mimi niliyelala naye kitanda kimoja, na ndiyo maana ya zile herufi kama sahani, ndiyo maana ya kukimbilia ubao. Walikuwa wameficha aibu yake kwa heshima, Jumapili baada ya Jumapili, na yeye anadhani anawaficha.

Shida ni kwamba masikio ya Shosho yalikuwa mazima. Alimsikia Mzee Wekesa. Siku hiyo alimaliza darasa, akafungua na maombi, namaanisha akafunga, unaona hata leo nikikumbuka nachanganyikiwa. Lakini Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Akashika bega langu, tukaenda mbele.

"Mlimshukuru Mungu kwa macho yangu," akawaambia. "Sikuwa nayo. Nilikuwa nasoma kwa kichwa. Mlinipigia makofi na nikayapenda, ndio maana nilinyamaza. Nimeaibika mbele ya Mungu na mbele yenu."

Hakuna mtu alisema amina. Mtu alikohoa. Pasta aliangalia viatu vyake. Mimi nilitaka sakafu ifunguke, tuingie na hiyo polishi yake.

"Sasa huyu mtoto mlimcheka," akaendelea. "Pasta, chagua pahali popote. Usimwambie mapema. Na Nyambura, usianze mwanzo. Anzia katikati."

Pasta akafungua, akaweka kidole, akanipa. Nilisoma. Si vizuri. Nilisoma na kidole, kama mtu anavuka mto kwa mawe, nikasimama pale penye neno refu, nikarudi, nikalivuka. Nyuma kabisa, pale ngumbaru walikuwa wamekaa pamoja, kila nikifika nukta Mzee Wekesa alisema amina. Peke yake. Mpaka nikamaliza. Mkono wa Shosho ulikuwa begani wakati huo wote, na kwa mara ya kwanza nilijua uko hapo kwa nini.

Mum alimpeleka hospitali huko Parklands. Daktari alikuwa kijana, alimulika macho, akamulika tena. Ni presha ya macho, akasema. Hii haina kurudi. Ingeshikwa mapema, kwa dawa ya matone tu, mama angekuwa anaona hata sasa.

Kwa korido Mum aliniuliza, "Ulijua?"

Nikaangalia viatu vya Shosho, vile vyeusi vya kamba. Mum alinipa mgongo, akaegemea ukuta, na hakuniita maitu siku hiyo, wala wiki hiyo.

Shosho alipelekwa shags, na chumba cha nyuma kikawekwa viti vya harusi. Aliishi huko mpaka mvua za mwaka uliofuata. Tulipomzika nilisoma somo, na watu wakasema damu ya ualimu hiyo, na niliona aibu tena, kwa sababu kwa hiyo hotuba ya maisha yake hakuna mtu alitaja macho. Ilisema tu alisoma Neno mpaka mwisho. Mzee Wekesa alikuja na basi kutoka Nairobi, amevaa koti la kazi. Alitupa udongo wake, akaniambia, "R nimeishinda."

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, karo ilikataa. Niliimaliza nikiwa mama wa watoto watatu, kwa masomo ya jioni, nimekaa na mafundi na wauza mboga, na siku ya kwanza nilificha kitabu ndani ya kiondo ndio majirani wasione. Ngumbaru, nilijiambia njia yote. Ngumbaru, umebeba kitambulisho?

Sasa rudi na mimi kwa kile kiti kidogo, kwa mwalimu wa msichana wangu. Nilipofika nyumbani nilichukua kitabu chake, nikamwita, nikamwambia asome. Akatiririka kama maji. Nikainua kidole.

"Anzia katikati."

Akaniangalia. Nilimjua huyo mtoto anayeniangalia. Nikakichukua kitabu nimwonyeshe ni wapi, nikakisogeza mbali kidogo, nikakisogeza mbali tena, mkono ukaisha. Sikuona neno hata moja. Na sitakudanganya, si mara ya kwanza. Tangu mwaka jana nikiombwa kusoma kwa ushirika nasema nimeacha miwani nyumbani. Sijawahi kununua miwani.

"Mum," akasema, "kwani hata wewe hujui?"

"Sioni," nikamwambia. Neno dogo hivyo, na lilinitoka kama jino. "Na wewe?"

Akachora meza na kucha. "Herufi zinacheza," akasema. "Zikiwa karibu zinacheza."

Jumatatu tunaenda, mimi na yeye, mkono wangu begani kwake au wake kwangu, daktari ndiye atasema. Tukiaibika, tutaaibika wawili.

Wewe rafiki yangu, usikae na hii peke yako. Mwambie yule mnakaa naye benchi moja kanisani, naye amwambie wa kwao. Kama uko na mtoto anayejua kila kitu kwa kichwa, muulize polepole aanzie katikati. Na kama kuna mzee kwenu anayesifiwa hahitaji miwani, washa taa, mpe kitabu asichokijua, na ukae karibu naye ndio asiwe peke yake akikwambia.